Kulwa yuko juu, Doto yuko chini: akili ya mtoto hutoka upande gani?

Mama Kulwa wa Kirumba, Mwanza, ameniandikia barua ndefu ambayo nitaifupisha hapa ili wasomaji wengine waelewe ninachokijibu. Ana mapacha wa miaka 11, msichana Kulwa na mvulana Doto, wanaosoma darasa la tano katika shule moja. Katika mtihani wa mwisho wa muhula Kulwa alikuwa wa 3 kati ya wanafunzi 92, na Doto akawa wa 81. Mama mkwe anasema Kulwa amefuata mashangazi zake na Doto amefuata wajomba. Wifi naye amesoma kwenye simu kwamba akili yote ya mtoto hutoka kwa mama, na tangu siku hiyo kosa la Doto limekuwa la mama yake. Yupo pia kijana anayepita sokoni Mwaloni akipima "vipaji vya kuzaliwa" kwa alama za vidole, na anataka shilingi 100,000 kwa kila mtoto. Mama Kulwa anauliza kama akili hurithiwa, inatoka upande gani, kama kipimo kile kinafaa, na, kwa kuwa ana ujauzito wa miezi minne, afanye nini ili huyu Shija anayekuja "asije akawa kama kaka yake".

Mama Kulwa, nianze na jibu lenyewe. Ndiyo, sehemu ya tofauti za akili baina ya watu inatokana na vinasaba walivyorithi, na watafiti hawabishani tena juu ya hilo. Hata hivyo, vinasaba hivyo vinatoka pande zote mbili, haviwezi kusomwa kwenye ncha ya kidole, na kiasi cha urithi kinachotajwa vitabuni hakisemi lolote kuhusu Doto peke yake. Hilo la mwisho ndilo gumu kuelewa, nalo ndilo linaloleta ugomvi kwenye nyumba nyingi, kwa hiyo nitakaa nalo muda mrefu kuliko mengine.

Kwanza lakini tukubaliane tunapima nini. Umeniandikia kwamba Doto huyohuyo ndiye unayemwachia meza ya dagaa ukienda kunywa chai, kwa sababu hajawahi kukosea chenji hata siku ya msongamano, na kwamba akishika sado ya dagaa mkononi anajua kama imepunjwa. Kulwa, kwa maneno yako, "akiachiwa meza anauza kwa hasara". Hilo si jambo la kuchekesha tu. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika kijiji cha Usenge nchini Kenya, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wa dawa za mitishamba wanazotumia nyumbani, kisha wakawapa mitihani ya kawaida ya akili na ya shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua sana dawa hizo walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati na masomo, si za juu. Wazazi wa pale wana neno lao, rieko, linalokaribia akili ya darasani, lakini pia wana luoro, ambayo ni adabu na heshima, winjo, uelewa wa kukabili mambo ya maisha, na paro, uwezo wa kuanzisha jambo. Mtihani wa muhula unagusa rieko tu. Hata Alfred Binet, aliyetunga pamoja na Théodore Simon kipimo cha kwanza cha akili kilichotumika sana, mjini Paris mwaka 1905, alikitunga ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani, naye alipinga wazo kwamba alama ile ni kiasi cha akili kisichobadilika.

Pamoja na hayo, sitaki kukudanganya kwamba vipimo hivyo havina maana. Anayefanya vizuri kwenye aina moja ya fumbo huelekea kufanya vizuri kwenye aina nyingine, jambo ambalo mwanasaikolojia Charles Spearman alilionyesha mwaka 1904, na alama hizo hutabiri kwa kiasi fulani jinsi mtu atakavyoendelea na shule. Ndiyo maana watafiti wa urithi wanazitumia.

Sasa tuje kwenye urithi. Watafiti huwalinganisha mapacha wanaofanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na mapacha wasiofanana kama wako, ambao kwa wastani wanashirikiana nusu ya vinasaba vinavyotofautiana kati ya mtu na mtu, sawa na ndugu wowote wa tumbo moja. Wanaofanana wakikaribiana zaidi kwa alama, ziada hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya vinasaba. Kwa njia hiyo, katika nchi tajiri ambako utafiti mwingi umefanyika, kiwango cha urithi wa akili huonekana kuwa karibu asilimia 20 kwa watoto wachanga, asilimia 40 hivi utotoni, na asilimia 60 au zaidi kwa watu wazima.

Wengi wakiona asilimia 60 hudhani maana yake ni kwamba sehemu 6 kati ya 10 za akili ya mtoto zilitoka kwa wazazi na sehemu 4 zikatoka shuleni. Sivyo. Nitakueleza kwa samaki, kwa kuwa wewe na mimi tunaishi nao.

Nilipata kusimama kwenye jukwaa la mbao la mfugaji mmoja wa sato mwenye vizimba viwili ziwani. Chukulia kwamba vifaranga vya vizimba vyote viwili vimetoka bwawa moja la kuzalishia, vikiwa vimechanganyika, na kwamba kizimba cha kwanza kinapata chakula kamili cha vidonge kwa wakati, wakati cha pili kinapata pumba za mahindi, tena siku ambazo zimepatikana. Baada ya miezi sita ukivua samaki wa kizimba cha kwanza, hawatalingana: wapo wakubwa na wadogo, na kwa kuwa chakula kilikuwa kimoja, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Ukivua cha pili utakuta hali hiyohiyo. Lakini ukiwaweka samaki wa kizimba cha kwanza kando ya wale wa cha pili, pengo utakaloliona baina ya makundi hayo mawili ni la chakula tu, hata kama ndani ya kila kizimba kiwango cha urithi ni asilimia 90. Kiwango cha urithi, basi, ni habari ya tofauti zilizomo ndani ya kizimba fulani katika hali fulani. Si habari ya samaki mmoja, na si habari ya pengo baina ya kizimba na kizimba. Kwa sababu hiyohiyo, anayechukua asilimia za mapacha wa Ulaya akazitumia kusema kwamba kabila fulani, au Waafrika kwa ujumla, wamezaliwa na akili pungufu, amefanya kosa la hesabu kabla hajafanya kosa la utu.

Ukibadilisha malisho, asilimia yenyewe hubadilika. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake walichapisha utafiti wa mapacha wa miaka 7 nchini Marekani, na wakakuta kwamba katika familia zenye uwezo tofauti za akili zilielezwa zaidi na vinasaba, ilhali katika familia maskini zilielezwa zaidi na mazingira ya nyumbani, na mchango wa vinasaba ulikuwa karibu na sifuri. Katika nchi za Ulaya Magharibi zenye huduma za jamii kwa wote, pengo hilo halijaonekana kwa namna hiyo. Nadhani sababu si ngumu kuiona kwa anayeishi Kirumba: mahali ambapo mtoto mmoja anapata uji asubuhi na mwingine hapati, uji utaanza kuongea kabla ya vinasaba.

Na kuna jambo jingine nililoliona pale kwenye vizimba. Mfugaji alipotupa kiganja cha kwanza cha chakula, maji yalichemka kwa mapezi, na waliofika juu kwanza walikuwa ni walewale waliokwisha kuwa wakubwa kidogo. Wadogo walipata kilichozama. Kila mlo uliongeza pengo. Watoto nao huwa hivyo. Mtoto aliyeanza na wepesi kidogo wa kusoma hupewa kitabu, huulizwa na mwalimu, huketishwa mbele, naye mwenyewe hukipenda kile anachokiweza; aliyeanza na uzito kidogo husogezwa nyuma. Kadiri miaka inavyopita, tofauti ndogo ya kuzaliwa huwa kubwa kwa sababu ya malisho iliyojivutia, na hii ni mojawapo ya sababu kiwango cha urithi huonekana kupanda kwa umri. Nafasi ya 3 na nafasi ya 81, kwa hiyo, zinaweza kuwa zilianza zikiwa zimeachana kidogo tu.

Kuhusu upande wa kuumeni na ujombani, nina jambo ambalo pengine mama mkwe hatalipenda. Kila mzazi ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, jozi 23, na katika kutengeneza yai au mbegu hutoa moja tu kutoka kila jozi, bila kuchagua. Kwa mchanganyo huo peke yake mzazi mmoja anaweza kutoa mafungu tofauti zaidi ya milioni 8, na bado sijahesabu kwamba kromosomu hubadilishana vipande kabla ya kugawanyika. Kulwa na Doto walichotewa kila mmoja fungu lake, kutoka kwako na kwa baba yao kwa pamoja. Kwa kawaida karibu nusu ya tofauti zote za kurithi zilizomo katika jamii hupatikana baina ya ndugu wa baba na mama mmoja. Ndugu kutofautiana ndiyo kazi ya urithi yenyewe, wala halihitaji kutafutiwa mjomba.

Lile alilosoma wifi lina chembe ya ukweli iliyovimbishwa. Kromosomu ya X ina jeni (yaani vinasaba) nyingi ambazo zikiharibika huleta ulemavu wa akili, na kwa kuwa mvulana ana X moja tu, aliyoipata kwa mama, wavulana huathirika zaidi. Lakini hayo ni magonjwa adimu. Tofauti za kawaida za akili, zile za wa 3 na wa 81, zimetawanyika kwenye kromosomu zote, na nusu yake imetoka kwa baba. Tena Kulwa naye alipata X moja kutoka kwako. Mbona yeye hahesabiwi?

Kijana wa alama za vidole mwache na njia yake. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa tumboni, na hakuna ushahidi wowote kwamba inaonyesha kipaji. Nakueleza pia kwa nini hata kipimo halisi cha vinasaba kisingekusaidia. Hapa Kanda ya Ziwa tunaijua selimundu, na familia nyingi zimeuguza mtoto mwenye ugonjwa huo. Selimundu hutokana na badiliko moja katika jeni moja. Daktari akiliona hapati shaka. Akili haiko hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu wapatao milioni 3 wenye asili ya Ulaya, ulipata karibu sehemu 4,000 kwenye vinasaba zinazohusiana na miaka ambayo mtu amesoma shule. Kila moja ina nguvu kama ya dagaa mmoja ndani ya gunia. Zote zikijumlishwa zilieleza asilimia 12 hadi 16 tu ya tofauti baina ya watu wenye asili hiyo, nguvu hiyo hupungua karibu nusu wanapolinganishwa ndugu wa familia moja, na kwa watu wenye asili ya Afrika hushuka sana, kwa sababu kipimo hakikutengenezwa kwa vinasaba vyao. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2018 jambo la ajabu zaidi: hata vinasaba vya mzazi ambavyo mtoto hakuvirithi vina uhusiano na elimu ya mtoto huyo, kwa kuwa vinasaba hivyo vinamgusa mzazi, na mzazi ndiye anayejenga nyumba mtoto anamokulia.

Umeuliza kwa nini, kama akili ni kitu kizuri, mageuko, yaani mabadiliko ya viumbe kizazi hadi kizazi, hayakuwafanya watu wote wawe nayo sawasawa. Ni swali zuri kuliko ulivyodhani. Katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa ziwa letu, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la nyani mkubwa aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Mbele kidogo ya Serengeti, kwenye Bonde la Olduvai, yeye na mumewe Louis walifukua mabaki ya viumbe waliokuwa na ubongo wa sentimita za ujazo 500 hadi 800 hivi, wakiwemo wale walioitwa Homo habilis mwaka 1964. Wa kwetu leo una 1,350 kwa wastani, na wa sokwe una 400 hivi. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo kuhusu jeni za kundi la NOTCH2NL, zinazofanya kazi kwa binadamu na si kwa sokwe, ambazo huchelewesha seli changa za ubongo kukomaa ili kwanza ziongezeke idadi. Mabadiliko ya namna hiyo tunayo sote, awe profesa au mvuvi. Ndiyo yanayotutenga na sokwe, wala hayawatengi Kulwa na Doto.

Kinachobaki baina yetu ni vumbi la mabadiliko madogo madogo, na vumbi hilo halifagiliki. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 hivi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, na uteuzi asilia, yaani mchujo wa maumbile kwa wanaosalia na kuzaa, hauwezi kufuta haraka kitu chenye athari ndogo kiasi hicho. Linganisha na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hadi 16,000 hivi iliyopita, na tangu lijae tena wametokea furu wa aina zipatazo 500. Kwenye visiwa vya miamba karibu na Mwanza wapo wawili wanaofanana sana: dume wa mmoja ni wa buluu na huishi karibu na uso wa maji, dume wa mwingine ni mwekundu na huishi chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni mwekundu. (Huyu wa pili jina lake la kisayansi ni nyererei, kwa heshima ya Mwalimu.) Wametofautiana katika jeni ya jicho inayopokea rangi. Mahali ambapo jeni moja ina nguvu kubwa, mageuko hukimbia namna hiyo. Mahali ambapo jeni ni maelfu, hutambaa.

Jambo la mageuko linalokuhusu wewe zaidi ni gharama. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na kwa mtoto wa miaka mitano hivi hutumia zaidi ya asilimia 40. Kiungo hiki kikubwa tumerithi pamoja na njaa yake. Kwa hiyo kinachoinyima damu au chakula miili ya watoto huweza kukiumiza hicho pia, na uboreshaji nao huonekana upesi: huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko wenzao wa mwaka 1984. Vinasaba vya kijiji havibadiliki katika miaka 14.

Turudi kwa Doto. Umetaja mambo matatu kwa kupita tu, na mimi nimesimama hapo. Alizaliwa wa pili akiwa na kilo 1.9, Kulwa akiwa na 2.6. Alilazwa kwa degedege la malaria akiwa na miaka mitatu, akapoteza fahamu kwa siku mbili. Na siku hizi mwalimu analalamika kwamba "haitikii mpaka aitwe mara tatu". Katika utafiti uliofanyika Uganda kwa watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani, takribani mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye. Siwezi kusema kutokea hapa kwamba ndivyo ilivyo kwa Doto, wala usimwambie mtu kwamba mtaalamu amesema hivyo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kutafuta ukoo wa kulaumiwa, mpeleke hospitali akapimwe masikio, kisha macho, kisha wingi wa damu, na apimwe choo kwa ajili ya kichocho cha tumbo na minyoo, kwa kuwa anaogelea pale gatini kila jioni. Kitu kimoja kati ya hivyo kikipatikana, kina tiba. Kabla hata ya siku ya hospitali, mwombe mwalimu amketishe dawati la mbele. Na zile laki mbili za vidole vya watoto wawili zitatosha kumlipia mtu wa kumfundisha kusoma jioni kwa muda, jambo ambalo lina ushahidi: kila mwaka wa ziada wa masomo huongeza pointi 1 hadi 5 kwenye vipimo vya akili.

Ama Shija, huna namna ya kumchagulia vinasaba, na usiache mtu akuuzie namna hiyo. Hudhuria kliniki bila kuruka, meza vidonge vya kuongeza damu unavyopewa hata vikikuchafua tumbo, pokea dawa za kukinga malaria kwa wajawazito, lala kwenye chandarua na uache pombe kabisa. La mwisho ni chumvi. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito huharibu ubongo wa mtoto kuliko karibu kitu kingine chochote kinachozuilika, na kinga yake ni chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, si ile ya mawe inayopimwa kwa kopo. Ukifika nayo nyumbani imimine kwenye chombo chenye mfuniko, ikae mbali na jiko na jua, na uitie kwenye mchuzi unapokaribia kuuepua, kwa kuwa madini joto hupotea kwa moto na unyevu.